Tungsteni na Jina Nililolifuta

Devota, rafiki yangu,

Sijui barua ya mtu aliyelala huko ulikolala inaanzwa vipi. Salamu nitakuletea, lakini kwanza nitoe lile linalonikaba, maana nikianza na salamu nitajificha humo nisitoke. Nimelifuta jina lako.

Nimelifuta kwa vidole hivi hivi unavyovijua, kwenye ukurasa wa kwanza wa memwari yako ya kumalizia chuo kikuu. Sikulifuta kwa mkupuo. Nilirudi nyuma herufi moja moja, nikawa naliona linapungua. Halafu nikaandika jina la mtu mwingine palepale, nikaliweka katikati ya mstari, likakaa sawasawa. Kazi safi. Ndicho kinachoniuma zaidi, kwamba nilihakikisha limekaa katikati.

Sasa unisikilize mpaka mwisho, ndipo ukasirike.

Miezi sita imepita tangu tukuzike. Tangu wakuzike, niseme, kwa sababu mi sikufika makaburini. Nilikuwa na mimba ya miezi minane na mama mkwe alisimama mlangoni: "Na hilo tumbo? Apana. Mwenye mimba haendi kutazama shimo." Nikabaki uani hapa Musaga nachambua maharage, nasikia kwaya yenu ikipita barabarani. Jumatatu ulikuwa unanigombeza juu ya koma, Ijumaa malaria ikawa imekumaliza. Siku nne, Devota. Mpaka leo kuna siku naweka koma mahali halafu naitoa, nakusikia unaguna.

Ornella alizaliwa. Ni msichana, ulivyosema. Ana meno mawili na anauma. Mafuta ya gari hayapatikani, kwa hiyo lori la Papa Ornella limesimama na yeye amekaa nyumbani anasikiliza redio. Kutoka Musaga mpaka Rohero mjini tunakwenda kwa miguu, asubuhi barabara imejaa watu kama tunatoka misa ya Pasaka, ila hakuna anayeimba. Nyumba nzima ilikuwa inakula kwa vidole vyangu.

Na vidole vyangu vilikuwa palepale, kwenye sekretaria ya kuchapia ya Patroni. Unakijua kile chumba: hakina dirisha, mashine mbili za kompyuta, moja ya fotokopi, jenereta nje kwenye korido. Nilipotoka kujifungua, Patroni aliniruhusu nije na mtoto. Ornella alikuwa analala chini ya meza yangu kwenye katoni ya karatasi, miguuni mwangu. Hakuna patroni mwingine mjini ambaye angekubali hivyo. Yeye alilijua, na mi nilijua kwamba analijua.

Nakumbuka siku ya kwanza ulipoleta lile rundo lako la karatasi. Wanafunzi wote wanaacha karatasi, wanakwenda, wanarudi kuchukua. We ukavuta kigoda ukakaa. "Jeanine, ukichapa bila kuelewa utanikosea namba." Nikakuambia mi niliishia darasa la kumi, mambo ya fizikia uniache nayo mbali. Ukasema la kumi linatosha kwa mtu anayepika.

Basi ukaanza. Chukua hewa, uipashe moto, uipashe tena, mpaka vipande vya ndani ya atomi viachane kama watu wa harusi iliyovunjika, kila mmoja anakimbilia kwake. Hiyo ndiyo plazma. Huko Ulaya na Asia wanataka kuwasha umeme kwa moto wa namna hiyo, moto unaoshinda ule wa katikati ya jua, atomi ndogo zikibanwa mpaka ziungane. Nikakuuliza: sasa wanaipikia kwenye sufuria gani? Ulicheka mpaka Patroni akageuka. Ukasema, "Hilo ndilo swali la memwari yenyewe, na wamelijua baada ya kusoma miaka mingi. We umelijua kwa kukata vitunguu."

Sufuria hakuna. Wanaishika plazma ikielea kwa sumaku, isiguse ukuta. Lakini hata mbabula ya makaa ya jikoni, ukaniambia, lazima iwe na pale chini majivu yanapoangukia. Na huko pia kuna pale chini, joto na majivu ya ule moto vinatokea hapo, na hapo ndipo wanapanga vipande vya tungsteni, kimoja kama kipande cha sabuni kilichotobolewa katikati. Kwenye tundu linapita bomba la maji. Uso mmoja unatazama moto, na upana wa kidole tu nyuma yake maji yanapita mbio. Katika chuma zote za dunia, ni hiyo tu isiyoyeyuka mpaka joto lipite digrii elfu tatu na mia nne. Ukaniambia ndiyo ile ile wolframu ambayo wajomba zako wanaichimba kule kaskazini, wanaibeba mifuko kwa mifuko bila kujua inakwenda kuziba mdomo wa jua.

Nilidhani habari imeisha. Chuma ngumu, haiyeyuki, tufunge kitabu. Ukasema ngoja, maana haiuawi na kuyeyuka.

Siku ile ya Zone Industrielle, kule kwenye viwanda, siwezi kuisahau. Chuoni hamkuwa na maabara ya kuipasha tungsteni na kuipoza mara nyingi, ukamkumbuka Fundi Bahati, yule Mkongomani wa Uvira anayechomelea matangi ya inoksi, chuma isiyoshika kutu. Anachomelea kwa fimbo nyembamba ya tungsteni, moto unatokea kwenye ncha na fimbo yenyewe hailiki. Ulimwomba zile za ncha ya kijani, tungsteni tupu. Akapunguza umeme ili ncha isiyeyuke, akawa anawasha, ncha inakuwa nyeupe, anazima, anaiacha kwenye gesi yake mpaka ipoe kwa sababu ikikutana na hewa ingali na moto inaharibika. Anawasha tena. Mi nilikaa kwenye debe na tumbo langu, nahesabu kwa mistari kwenye karatasi. "Madamu profeseri," alikuwa anakuita, "leo tunatesa ngapi?" Na mi akanitazama tumbo: "Na uyu wa ndani, naye atapata diploma?"

Ukachukua koleo. Fimbo ambayo haikuwahi kuona moto ulihangaika nayo, ikakupinga. Ile iliyochomwa ikasema tak, kama muhogo mkavu. Ukaigeuza kwenye jua, pale ilipokatika pakang'aa punje punje kama sukari. Fundi Bahati ndiye alisema: "Haikuyeyuka hata kidogo, imechoka tu. Sawa vile wanamuke wa Musaga."

Tulicheka, lakini ukamrekebisha. Haijachoka. Joto likizidi, zile punje za ndani zinakua, zinakuwa kubwa kubwa, na kati ya punje na punje zinashikana vibaya. Ikiwa bado ina moto hutaona kitu. Inavunjika ikishapoa.

Siku ya kuondoa kilio nilikuja, nimembeba Ornella wa wiki tatu. Wazee walipomaliza kushukuru watu, mama yako alisimama. Hakulia. Akauliza mbele ya wote, "Na ile kazi ya mutoto wangu ya iniversite, iko wapi?" Wakatazamana. Nikanyanyua mkono kama shuleni. "Iko kwa mashine, Mama. Mi ndiye naichunga." Wakapiga makofi, Devota. Walinipigia makofi.

Halafu akaja mtoto wa mwenye nyumba.

Sitamtaja jina, jina lake nimeshaliandika mara moja na inatosha. Si kijana, ana mke na gari la kusimamisha uani kama sisi wote siku hizi. Alikuwa anamaliza masomo yenu yale yale, na memwari hana, na siku za kuweka karatasi zimebaki chache. Baba yake ndiye anayempangisha Patroni kile chumba. Patroni alinisogelea, hakupaza sauti. "Mama Ornella, badilisha jina tu. Ni kazi ya dakika moja." Nikasema hii ni ya Devota. "Najua. Lakini aliyekufa hana siku ya defansi ya kuitetea memwari, mama. Aliye hai anayo." Akatazama chini ya meza. "Mwenye nyumba akitutoa hapa, iyo katoni ya mutoto utaiweka wapi?"

Alikuwa anatoka jasho. Si mtu mbaya, nisikudanganye ili nionekane mwema. Alikuwa amebanwa, akanibana mi, na mi sikuwa na wa kumbana isipokuwa wewe. Wewe usingelalamika.

Nikafuta.

Ungedhani mambo yataishia hapo. Kesho yake yule bwana akaja na kalamu. Patroni alikuwa amemwambia kwamba mi ninajua vilivyomo. "Tantine, nifasirie kidogo. Iyi tungsteni ni nini kabisa?" Mchana wa siku mbili nilikaa naye, Ornella ananyonya, namfundisha kazi yako ili akaisimamie kama yake. Nilimweleza mbabula na majivu. Nilimweleza kwamba yale majivu ni heli, yanaingia ndani ya tungsteni, yanafanya vipovu, mpaka uso wake unaota manyoya kama ukungu kwenye mkate. Na kwamba chembe zake zikirukia ndani ya plazma zinaipoza, kidogo tu kinatosha kuharibu moto wote, kwa hiyo kinga yenyewe inaweza kuwa sumu. Alikuwa anaandika. Kila nikimaliza anauliza, "Kwa kifupi lakini ni chuma ngumu, si ndiyo?" Nikamwambia siyo. Akasema, "Lakini haiyeyuki." Nikasema haiyeyuki, ila inapasuka. Akapiga miayo. "We mama, umesomea wapi mambo aya?"

"Nilichapa," nikamjibu.

Na unajua, nilipokuwa namweleza, nilikuwa nasikia sauti yako inatoka kinywani mwangu. Maneno yako yote yalikuwa humo, hata mahali pa kuvuta pumzi. Nikaona aibu ambayo sijawahi kuiona. Nimekuwa mlango, mwizi anapitia kwangu.

Siku ya tatu akaleta kikaratasi cha ukurasa wa wakfu, ule ambao kila mwanafunzi anawataja wapendwa wake. Kwa baba yangu mpendwa, kwa mke wangu, kwa usiku mwingi niliokesha. Nikafungua ukurasa wako. Ulikuwa mtupu. Nikakumbuka ulivyoniambia, "Huo uuache, nitajua siku ya mwisho nimwandike nani." Nikaweka vidole kwenye mashine, vikakataa. Si kwamba niliamua, nisijisifu. Vilikataa tu. Niliona kwamba katika kurasa zote ule mtupu ndio pekee ulikuwa bado unakungoja.

"Apana," nikasema.

"Apana nini?"

"Huu siandiki."

Akacheka, akamgeukia Patroni. "Uyu ni profeseri ao ni mupiga-mashine?" Patroni akaniambia taratibu nimchukue mtoto niende nyumbani nikapumzike. Akakaa kwenye kiti changu akaanza kuchapa mwenyewe, kwa vidole viwili.

Nilipumzika siku mbili, kama huko ni kupumzika. Nyumba ya mama mkwe unaijua, huwezi kulia bila watu watatu kukuuliza. Mama mkwe akasema nirudi nikapige magoti. Papa Ornella akazima redio, kitu ambacho hafanyi. "Ukipoteza iyo kazi, tutakula tungsteni?" Alisema kweli. Nikitoka mlangoni kulikuwa na Patroni, nikirudi ndani kulikuwa na wao, na nikifumba macho nilikuwa naona mkono wangu umenyanyuliwa mbele ya mama yako na watu wanapiga makofi.

Siku ya tatu nilimfunga Ornella mgongoni nikapanda mpaka chuoni. Kwa miguu, na jua lile. Yule Prof aliyekusimamia nilimngoja kwenye korido mpaka mtoto akanyonya mara tatu. Akanipokea amesimama, mkono kwenye kitasa. "Mama, kila mwaka watu wananiletea majungu. Una ushahidi gani?" Sikuwa nao. Memwari ilikuwa kwa mashine ya Patroni, karatasi zako zimebaki kwake, na wewe ulikuwa umempa Prof sura mbili za kwanza tu. Nikamwambia, "Sina. Lakini niulize."

Akatabasamu, si vizuri. Akauliza: kama tungsteni inapasuka, wafanye nini, watafute chuma nyingine? Nikamwambia apana, hawana nyingine. Wanatia ndani yake nyuzi za tungsteni yenyewe, nyembamba kama nywele. Nikamwambia ni kama tunavyotia nyasi kwenye matofali ya udongo: udongo unapasuka, nyasi zinashika, ufa unaanza lakini haufiki mbali. Nikamweleza Fundi Bahati, na koleo, na punje za sukari. Nilikuwa nabembeleza mtoto huku nasema, sijui kama nilipanga maneno vizuri. Prof akaachia kitasa, akavuta kiti, akanisogezea mimi.

"Huyo ni Devota," akasema. "Nyasi kwenye matofali. Huyo ni yeye."

Nilidhani nimemaliza. Lakini akachukua karatasi nyeupe. Akasema yule bwana atamwita na kumuuliza mwenyewe, ila ili memwari irudishwe kwa jina lako kamisheni ya chuo itataka maandishi ya aliyefanya kitendo. "Nani aliandika jina jingine?" Nikasema mi. "Aliyekuamuru?" Nikasema aliyeniamuru ana jina, lakini vidole ni vyangu. Akamtazama Ornella, akanitazama mi. "Mama, ukisaini hii, mjini watajua. Hakuna sekretaria itakayokuchukua. Wanafunzi wanataka mupiga-mashine asiyesema."

Kalamu ilikuwa pale mezani. Devota, nilikaa nayo. Nilifikiria katoni. Nilifikiria mchele. Nilikuchukia kidogo, nisamehe, nilikuchukia kwa kufa na kuniachia kitu cha kuchunga.

Nikasaini.

Yule bwana aliitwa. Nasikia aliulizwa kwa nini inavunjika ikipoa, akajibu ni chuma ngumu sana. Karatasi zake zimekataliwa. Diploma hawawezi kumpa marehemu, Prof amesema sheria haipo, lakini memwari imewekwa kwenye maktaba na jina lako kwenye jalada, bila kuongezwa hata nukta. Alitaka kuimalizia ile sura ya mwisho iliyokatika katikati ya sentensi. Nikamwambia aiache hivyo. Sentensi haina mwenyewe, iishie pale ulipoishia.

Na Patroni ametolewa kile chumba. Kibao kimeng'olewa, mashine zake ziko kwa dada yake zimefunikwa shuka. Alikuwa na watoto na yeye. Nilikutana naye barabarani, akamtazama Ornella kwanza, akamshika kidole, ndipo akapita bila kunisalimu. Hilo nalo niko nalo. Hakuna aliyenipa njia ya kulitua.

Kwa mama yako nilikwenda Jumapili. Nilimwambia yote, na kufuta nikamwambia, kwa sababu angelisikia kwa mwingine. Alikuwa anageuza bugali. Akauliza, "Ukarudisha?" Nikasema nimerudisha. "Basi ukae ule." Akaniwekea sahani, akaniwekea ndagala za ziwani nyingi kuliko zake. Hakunipa mkono wala hakunikumbatia. Nilikula zote.

Sasa niko hapa uani. Nimezunguka sekretaria zote nilizozijua Rohero, wananipokea vizuri, wananiuliza jina, halafu wanasema mashine imeharibika. Papa Ornella haongei na mi isipokuwa juu ya mtoto. Watu wa kanisa wananiambia nina moyo mgumu, nivumilie. Sitaki kuambiwa hivyo. Umeshanifundisha kitu kinachovumilia kinafanyika nini ndani yake. Nachoka na nataka ionekane.

Lakini sijutii, na hili nalisema polepole ili ulisikie. Ningekuwa na kazi leo, ningekuwa nakaa juu ya jina lako kila asubuhi.

Nakuaga, Devota. Siombi uniombee kazi, una wengi zaidi huku wa kuwaombea. Nakuahidi neno moja tu. Popote nitakapoulizwa nani aliandika kazi ile ya tungsteni, nitasema ni wewe. Na wakiuliza nani alilifuta jina, sitasema ni Patroni, sitasema ni njaa. Nitasema ni mimi, na mimi ndiye nililirudisha.

Ornella ameamka, ananiita. Lala, rafiki yangu.

Jeanine